Mashini Yetu Ilikosa Goti

Kwa muda wa miezi minne mashini ya kushona ya wamama wa Barumbu ilivunja sindano, ikaharibu vitambaa na kuchosha mikono ya watu. Wote walisema: hii mashini ni mbaya. Kumbe haikuwa mbaya. Ilikosa goti tu, na goti lenyewe lilikuwa limetundikwa katika depo, kati ya pompa za kupulizia dawa. Mtu aliyelitundika pale ni mimi.

Ndugu wanachama, wamama na wapapa, katika gazeti letu hili tumezoea kuongea juu ya kakao, mpunga na muhogo. Leo ninaomba ruhusa niongee juu ya mashini ya kushona, na zaidi juu ya chuma kimoja kinachokaa chini ya meza yake. Ninaandika kwa sababu mbili. Ya kwanza, kosa nililofanya lisirudiwe na koperative nyingine. Ya pili, kama koperative yako iko na mashini ya namna hii, inawezekana goti lake limelala mahali fulani ndani ya sanduku, na ninyi mnateseka bure.

Chuma kilichobaki

Mashini ilifika kwa mashua kutoka Kisangani, ikiwa vipande vipande: kichwa ndani ya sanduku lake, meza, miguu ya meza, motor, mkanda, na mfuko mdogo wa bulo na vyuma. Si ile mashini ya kukanyaga ambayo wengi tunaijua nyumbani. Ni mashini ya atelie, ya mstari moja kwa moja, yenye motor chini ya meza. Tuliipanga siku moja, mimi pamoja na fundi wa pikipiki wa pale kijijini. Jioni ilikuwa inashona, watu wakapiga makofi.

Kilibaki chuma kimoja. Fimbo imepindika, na kwenye ncha yake kibao cheusi chenye mpira. Niliangalia, nikageuza, nikaona kinafanana na mkono wa pompa ya mgongoni, ule tunaopandisha na kushusha tukipulizia dawa. Mashua ileile ilikuwa imetuletea pompa mbili. Nikasema: hii ni piesi ya pompa. Nikaandika hivyo katika daftari la depo, nikakitundika ukutani kwa msumari.

Shule ya kilimo ilinifundisha kupogoa kafe, kuchagua mbegu, kupima shamba. Mashini ya kushona hakuna aliyenifundisha. Lakini kutojua si kosa. Kosa ni kuandika jina la kitu ambacho sikukijua, kana kwamba ninakijua.

Uniforme na sindano

Wamama walipata kazi nzuri: uniforme za watoto wa shule, shati nyeupe na kaptula au sketi ya bluu, kabla masomo hayajaanza mwezi wa kenda. Franka za kazi hiyo zilipaswa kuingia katika kipindi kile ambacho kakao bado haijaanza kuleta kitu na nyumba nyingi zinaishi kwa deni.

Shida ilionekana kwenye kona. Ukishona mfuko wa shati, unafika kwenye kona, unasimama, unainua kiguu cha mashini kile kinachobana kitambaa, unageuza kitambaa, unashusha kiguu, unaendelea. Wamama walikuwa wanainua kiguu kwa mkono, kwa kutumia kile kidude kilicho nyuma ya mashini. Maana yake ni kwamba kwenye kila kona mkono wa kuume unaacha kitambaa, unakwenda nyuma, unapandisha, unarudi, unageuza, unakwenda tena nyuma, unashusha. Kitambaa kinabaki na mkono mmoja tu. Kinateleza. Mfuko unapinda.

Kwa sababu ya haraka, wengine walizoea kutoinua kiguu kabisa. Walifika kwenye kona wakavuta kitambaa kwa nguvu wakati sindano iko ndani. Sindano ikavutwa na kitambaa, ikapinda kidogo, na iliposhuka tena ikagonga sahani ya chuma iliyo chini. Tak! Imevunjika. Na sindano za mashini hiyo haziuzwi Barumbu. Lazima mtu atume Kisangani, angoje mashua irudi.

Mama mmoja aliniambia mbele ya wenzake: "Papa agronome, hii mashini yenu iko na roho mubaya." Watu walicheka, mimi pia nilicheka, lakini halikuwa jambo la kuchekesha. Mama prezida wa kikundi aliweka jambo kwenye orodha ya mkutano: tuuze mashini, tununue mbili za kukanyaga. Mnunuzi alikuwa amekwisha kupatikana. Bei aliyotaja ilikuwa bei ya kitu kilichoharibika.

"Goti yake iko wapi?"

Siku chache kabla ya mkutano, mama mmoja fundi wa kushona, anayefanya kazi Kisangani, alikuja Barumbu kwa kilio cha ndugu yake. Alipita kutusalimia kwenye chumba cha kushona. Akavuta kiti, akakaa mbele ya mashini, akaweka miguu kwenye pedali. Halafu goti lake la kuume likaenda upande wa kuume, chini ya meza, kama mtu anayetafuta mlango gizani. Halikukuta kitu. Akainama akaangalia.

"Mama prezida, goti ya hii mashini iko wapi?"

"Goti? Goti gani?"

"Ile chuma ya kupandisha kiguu. Tundu yake njo hii hapa, iko wazi. Chuma yenyewe mulitupa wapi?"

Alipoeleza umbo lake, fimbo iliyopindika, kibao cheusi, mpira, mimi nilisikia joto usoni. Nilitoka bila kusema neno, nikaenda depo, nikarudi nacho mkononi. Mama fundi alikipokea akanitazama, akasema kwa upole: "Mwana wangu, hii ulikuwa unapulizia nayo dawa?"

Alikifunga kwa dakika chache. Akachukua kipande cha kitambaa, akashona pembe nne, na mikono yake miwili haikutoka kwenye kitambaa hata mara moja. Chumba chote kilinyamaza.

Goti ni nini na linafanyaje kazi

Goti la mashini ni mkono wa chuma unaosukumwa na goti lako la kuume. Ukisukuma kibao kuelekea kuume, mhimili ulio chini ya meza unazunguka kidogo. Mhimili unasukuma kijiti cha chuma kinachosimama ndani ya sahani ya mafuta. Kijiti kinasukuma mkono mwingine ulio ndani ya kichwa cha mashini, na kiguu kinapanda. Ukirudisha goti, springi inashusha kiguu. Hakuna umeme ndani yake na halitumii esansi hata tone moja.

Faida ya kwanza ni ile tuliyoiona: mikono miwili inabaki kwenye kitambaa.

Faida ya pili watu wengi hawaijui: goti linapandisha kiguu juu zaidi kuliko kile kidude cha nyuma. Tuchukue mfano wa mashini inayojulikana sana katika atelie, Juki DDL-8700. Kwa kidude cha mkono kiguu chake kinapanda milimita 5.5. Kwa goti kinapanda milimita 10 kama kawaida, na ukirekebisha visi yake kinaweza kufika 13. Kwa shati jepesi tofauti hiyo haionekani. Kwa kola yenye vitambaa vingi, au kwa pindo la bashi, tofauti hiyo ndiyo inayofanya kazi iingie chini ya kiguu au ikatae.

Faida ya tatu: katika mashini nyingi za namna hii, kiguu kikipanda, vile visahani viwili vinavyobana uzi vinaachia. Kwa hiyo unatoa kitambaa bila kuvuta uzi kwa nguvu, na sindano haivutwi pembeni.

Namna ya kulifunga

1. Zima motor na utoe waya kwenye prize. Motor za aina ya zamani zinaendelea kuzunguka kidogo hata baada ya kuzimwa. Kanyaga pedali kidogo mpaka zisimame kabisa, ndipo uingize mkono chini ya meza.

2. Laza kichwa cha mashini nyuma, pole pole, juu ya mti wake wa kuegemea. Angalia ndani ya sahani ya mafuta: kile kijiti kinachosimama kipo? Mara nyingi kinaanguka wakati wa safari au wakati wa kusafisha. Kikikosa, goti litasukuma hewa tu. Kiweke mahali pake, rudisha kichwa.

3. Chini ya meza, tafuta mhimili unaotokeza chini ya sahani ya mafuta. Ingiza fimbo ya goti, kaza bulo. Bulo lisipokazwa vizuri, fimbo itazunguka peke yake na kiguu hakitapanda.

4. Sasa kaa kwenye kiti kama unavyokaa kazini, mwili ukiwa mbele ya sindano, miguu yote miwili kwenye pedali. Usipime ukiwa umesimama, wala usimpimie mwenzako.

5. Sogeza kibao mpaka kiwe pembeni ya goti lako la kuume, kwa nje, na nafasi ya vidole viwili hivi kati ya goti na kibao. Kikiwa mbali sana utapinda kiuno kila mara. Kikiwa karibu sana utakigusa bila kujua. Kibao kinaweza kupandishwa, kushushwa na kugeuzwa: fungua bulo, panga, kaza.

6. Sukuma kwa goti uangalie kiguu kinapanda kiasi gani. Kama hakitoshi, iko visi ya kuzuia kwenye mhimili: irekebishe kidogo kidogo. Lakini angalisho: ukipandisha kiguu kupita milimita 10, zungusha gurudumu kwa mkono, shusha sindano mpaka chini kabisa, uhakikishe mti unaoshika sindano haugongi kiguu. Ukigonga, punguza.

Kama watu watatu wanatumia mashini moja kwa zamu, kila mmoja ana urefu wake. Sisi tuliweka alama za rangi kwenye fimbo: nyekundu kwa mama mmoja, nyeupe kwa mwingine. Kubadilisha kunachukua dakika moja.

Namna ya kushona nalo

Neno la kwanza kukumbuka: *sindano chini, ndipo goti*. Ukifika kwenye kona, simamisha mashini. Zungusha gurudumu kwa mkono mpaka sindano iwe ndani ya kitambaa. Sindano hiyo sasa ni msumari unaoshika kona yako. Sukuma goti upande wa kuume, kiguu kinapanda. Geuza kitambaa kwa mikono miwili kuzunguka sindano. Rudisha goti pole pole, kiguu kinashuka. Halafu tu ndipo ukanyage pedali.

Ukimaliza mshono ni kinyume: sindano juu, goti, toa kitambaa kwa kukivuta nyuma, kata uzi.

Mama fundi alitufundisha kujifunza bila uzi na bila kitambaa. Alichukua karatasi ya mfuko wa simenti, akachora kwa kalamu nyumba, ngazi na nyota. Kila mmoja alifuata mstari kwa sindano tupu. Matundu yanaonyesha ukweli: kama kona ina tundu moja, umefanya vizuri, kama kona ina matundu matatu yaliyotawanyika, uligeuza wakati sindano iko juu. Tumia sindano iliyozeeka, kwa sababu karatasi inaondoa ukali wake. Siku ya kwanza mguu wa pedali na goti vinagombana. Siku ya tatu vinapatana.

Makosa tuliyoyafanya

*Kuegemeza goti kwenye kibao.* Mtu akichoka, goti linaanguka upande wa nje na kupumzika pale. Kiguu kinapanda kidogo, bila jicho kuona. Meno ya chini hayashiki tena kitambaa vizuri, mshono unaruka au unakuwa mfupi mfupi. Kabla ya kugusa visi za uzi, uliza kwanza: goti langu liko wapi?

*Kusukuma goti wakati mashini inazunguka.* Kitambaa kinaachiwa wakati sindano inapanda na kushuka. Hapo sindano inavunjika, na kipande chake kinaweza kuruka mpaka jichoni. Simamisha kwanza.

*Kuachia goti ghafla.* Kiguu kinaanguka kwa kishindo na kukunja kitambaa. Goti linashuka kama mtu anayeweka yai chini.

*Kikwembe kilichobana.* Hili wapapa hatukulifikiria. Mama aliyefunga kikwembe kwa kubana hawezi kusogeza goti moja peke yake. Kifungwe kwa nafasi, na ncha yake isiwe karibu na mkanda wa motor.

*Sindano ya mashini nyingine.* Kosa hili si la goti, lakini lilichangia kuvunjika kwingi. Sindano za mashini za nyumbani zina ubavu mmoja bapa kwenye shina. Za mashini ya atelie kama ile tuliyotaja zina shina la mviringo, na kwenye paketi zimeandikwa DBx1. Haziazimani. Kwa shati la uniforme tunatumia namba 14. Kwa bashi, namba 18.

Kwa hesabu

Chukua mfuko wa shati wenye ncha chini. Kiguu kinapanda mara tano: kuweka kitambaa, kona tatu, kutoa. Ukiwa na mashati 60, ni mara 300. Tuseme kila mara mkono unapokwenda nyuma na kurudi unapoteza sekunde 4. Ni sekunde 1 200, yaani dakika 20 kwa mifuko peke yake, kabla ya kola na mikono ya shati.

Na kama motor yako ni ya aina ya zamani, inazunguka wakati wote imewashwa, hata kama hushoni. Pale ambapo hakuna umeme wa SNEL na mnatumia grupu, dakika za kusimama nazo zinakula esansi. Motor za aina mpya, za servo, zinazunguka tu ukikanyaga pedali. Ukipata nafasi ya kuchagua, chagua hizo.

Lakini nisiwadanganye: faida kubwa si dakika. Ni kona iliyonyooka ambayo haifumuliwi, na sindano ambayo haivunjiki.

Kama mashini yako ni ya kukanyaga

Mashini za nyumbani za kukanyaga, kama Singer na Butterfly tunazoziona kila mahali, kwa kawaida hazina goti. Usitafute na usimwombe fundi wa kuchomelea akutengenezee. Tumia kidude cha nyuma na ufuate ileile sheria: sindano chini kwanza.

Angalisho lingine. Ziko mashini za zamani za umeme za nyumbani zenye chuma cha goti ambacho hakipandishi kiguu. Kazi yake ni kuendesha motor, mahali pa pedali. Ukikisukuma, sindano inaanza kukimbia. Kwa hiyo ukikutana na mashini usiyoijua, toa vidole chini ya sindano, sukuma goti kidogo tu, na uone kinachotembea: kiguu au sindano.

Mwenzetu mwenye mguu dhaifu

Katika kikundi yuko mama mmoja ambaye mguu wake wa kuume ni dhaifu tangu utotoni. Tulijaribu kusogeza kibao karibu kabisa, tukageuza, tukabadilisha kiti. Haikuwezekana: goti halina nguvu ya kusukuma. Siku ile wengine walianza kusema kwamba sasa atoke kwenye mashini, abaki kukata uzi tu. Mama prezida alikataa. Kidude cha nyuma bado kipo na kinafanya kazi yake. Goti limeongezwa, halikukifuta. Yeye anashona mishono mirefu ya pembeni za sketi, isiyo na kona, na hakuna anayemshinda hapo. Kola na mifuko wanafanya wengine. Nawaomba koperative zote: chombo kipya kisiwe sababu ya kumfukuza mtu.

Kwa nini agronome anaandika haya

Wazee wa Barumbu wanakumbuka mashamba ya INEAC, ile taasisi ya utafiti wa kilimo iliyoanzishwa mwaka 1933, yenye kituo chake kikuu cha utafiti Yangambi. Sisi tuliosoma kilimo tunapenda kuongea juu ya mbegu na miti. Lakini mavuno hayapotei shambani peke yake. Yanapotea kwenye bashi iliyopasuka na kwenye saki yenye tundu.

Kakao ikitoka kuvunda, inahitaji kukauka mpaka ibaki na maji ya asilimia 7 au 8 hivi. Katika nchi yetu ya mvua, mtu anaanika asubuhi na kufunika mchana. Bashi ikipasuka pembeni, upepo unaingia, mpasuko unakimbia mpaka katikati, mvua inaingia kwenye kakao, na ukungu unafuata. Pindo la kukunja mara mbili, lililoshonwa pande zote nne, linaongeza maisha ya bashi. Na kwenye kona, pindo linakutana na pindo: unene unakuwa mkubwa kiasi kwamba kwa kidude cha mkono haliingii vizuri chini ya kiguu. Kwa goti linaingia.

Tunashona bashi hivi: sindano namba 18, uzi wenye nguvu, mshono mrefu, na kwenye kona tunazungusha gurudumu kwa mkono bila kukanyaga. Gurudumu likikataa, usilazimishe. Kona hiyo imalizie kwa sindano ya mkono. Mashini ya kushona shati si mashini ya kushona magunia mazito ya juti. Saki za plastiki zilizotoboka zinakubali kiraka, na kila kiraka ni mpunga usiomwagika njiani kwenda Kisangani.

Ndiyo maana ninasema mashini ya kushona ni chombo cha kilimo, kama panga na pompa. Inastahili mahali katika daftari la depo, mtu wa kuitunza, na siku ya kuisafisha.

Ilivyokwisha

Kwenye mkutano nilisimama nikaeleza kosa langu mbele ya wote. Papa mmoja mzee aliuliza kama kuna vyuma vingine nilivyovibatiza. Nilistahili swali hilo. Jambo la kuuza mashini liliondolewa. Uniforme zilimalizika, lakini kwa kuchelewa wiki moja baada ya masomo kuanza, na wazazi wengine walikuwa wamekwisha kununua kwingine. Hasara hiyo ilibaki kwa wamama, na haikutoka kwenye mashini. Ilitoka kwenye msumari mmoja wa depo.

Kwa hiyo wiki hii, kabla ya mkutano wenu ujao, fanyeni mambo matatu. Angalieni chini ya meza ya mashini yenu: kuna mhimili wazi usio na fimbo? Kisha fungueni masanduku yote yaliyokuja na mashini, mtoe kila chuma kilichobaki, mkiweke mezani. Halafu mwiteni mtu anayeijua kazi hiyo, hata kama ni mgeni aliyekuja kwa kilio, aseme kila kimoja ni cha nini.

Na katika daftari la depo, kama hujui jina la kitu, andika hivi: *Hatujui. Tuulize.* Maneno hayo mawili yangetuokolea miezi minne.